Unga wa Kaya Kumi: Namna ya Kuchangisha Chakula Kazini Bila Kumlazimisha Mtu

Ukitaka kuchangisha chakula cha waathirika wa mafuriko katika ofisi, shule au zahanati yoyote ya Kibiti, anza na wale watakaokataa. Walio tayari kutoa watatoa, hata ukiwaomba vibaya. Wanaosita ndio wanaozijua kasoro za mchango wako kabla wewe hujaziona. Mara nyingi mtu anayesita ana swali alilolimeza kwa sababu ya heshima, au kwa kumwogopa mkuu wake wa kazi. Swali hilo likijibiwa mapema na mbele ya watu, mkono hufunguka. Lisipojibiwa, utapata chakula chake lakini moyo wake hutaupata, na mwaka unaofuata atajificha ukipita.

Nayaandika haya nikiwa na mafuriko ya Aprili 2024 akilini. Mvua za El Niño zilikuwa zimenyesha tangu mwishoni mwa 2023, na Mto Rufiji, unaobeba maji ya Kilombero na ya Ruaha Mkuu, ukajaa hadi ukafunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, kuanzia bondeni hadi vijiji vya delta. Tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko ya msimu ule yalikuwa yameua watu 155 nchini na kuathiri watu wapatao 200,000, kaya zaidi ya 51,000. Kwenye maeneo ya kazi michango ilianza siku hizohizo. Kwenye maeneo ya kazi hayohayo minong'ono nayo ilianza.

Isikilize minong'ono hiyo kabla hujanunua kiroba hata kimoja. Usiite kikao, maana kikaoni watu husema wanachotarajiwa kusema. Wafuate mmoja mmoja wakati wa chai, umwambie kila mtu: "Mwalimu, tunafikiria kukusanya chakula cha wenzetu wa delta. Kabla hatujaanza, kuna jambo lolote linalokukera kuhusu michango yetu? Niambie mimi, halitafika kwingine." Kisha unyamaze. Utakayoyasikia hayatazidi mambo matano au sita, na kila moja lina dawa yake.

"Mimi nina watu nyumbani"

Hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Muuguzi wa Kibiti aliyezaliwa Mbwera au Kiongoroni, huko delta, hasubiri mchango wa ofisi ili asaidie. Maji yakipanda, anapokea simu usiku, na kesho yake chumba chake na sebule vimejaa shangazi, wajomba na watoto wa dada. Unga anaoununua sasa unaisha kwa siku tatu. Ukimletea karatasi ya mchango ukamwona anasita, ukamhesabu miongoni mwa wagumu, umemdhulumu mtu ambaye huenda anatoa kuliko ofisi nzima.

Kwa hiyo, mwanzoni kabisa, tangaza kwamba anayelisha waathirika nyumbani kwake ameshachangia. Hatakiwi kuthibitisha wala kueleza ni wangapi. Nenda hatua moja mbele: itazame nyumba yake kama moja ya kaya zinazostahili kupokea. Mfuate faraghani, umuulize kama kilo kumi za mchele zitamfaa, na akikataa usirudie. Chakula kinachofika kwa mwathirika kupitia kwa mfanyakazi mwenzako hakihitaji boti wala dizeli, na hakipotei njiani.

Kuna pia waliotoa kwa njia ya dini. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi na Idi el-Fitri tarehe 10 Aprili, katikati ya maji. Waislamu walikuwa wametoka kutoa zakatul-fitri, ambayo kwa desturi ni pishi ya chakula kwa kila kichwa cha nyumba, na Wakristo walikuwa wametoka kwenye sadaka za Kwaresima. Mtu mwenye watoto sita amepima pishi nane, yake na ya mkewe zikiwemo, kabla hujafika mezani kwake. Usimwambie kwamba ile ilikuwa ya msikitini na hii ni ya kazini. Na usichanganye kabisa zaka za watu na mchango wako: zaka ina watu wake waliotajwa na dini, na mwenye kuitoa ana haki ya kujua imewafikia hao. Akitaka kutoa zaka, mwelekeze msikitini kwake.

"Ya mwaka jana yalikwenda wapi?"

Tetemeko la ardhi lilipoipiga Kagera tarehe 10 Septemba 2016, Watanzania walichanga kwa wingi, wa ndani na wa nje. Kabla mwezi haujaisha, Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba, taarifa ya Ikulu ikieleza kwamba ilikuwa imefunguliwa akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Baadaye yakaja malalamiko mengine: waliochanga wengi walidhani fedha zitajenga upya nyumba za watu, ilhali serikali ilisema kipaumbele ni shule, hospitali na barabara. Mambo hayo mawili yamekaa vichwani mwa wafanyakazi wa nchi hii hadi leo. Mwenzako anapouliza ya mwaka jana yalikwenda wapi, anakumbuka Bukoba, na huenda anakumbuka pia mchango mdogo wa idarani kwenu ambao hesabu yake haikusomwa.

Dawa yake ni hesabu, na hesabu inatangulia ombi. Kama idara yenu iliwahi kukusanya chochote, hata sukari ya msiba, tafuta daftari lake, uandike kwa ukubwa unaosomeka: kiasi gani kiliingia, kilinunua nini, nani alipokea, nini kilibaki. Kama daftari halipo, andika hivyo: halipo. Ukweli huo mchungu utakupa watu wengi kuliko hotuba. Kisha weka utaratibu wa watu watatu. Mmoja anapokea na kupima, wa pili anaandika, wa tatu anashika ufunguo wa stoo. Mkuu wa idara asiwe mmoja wao. Kila jioni waliopo wapime mzigo upya kwenye mizani na kulinganisha na daftari. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na inamlinda hata mshika ufunguo, maana gunia likipungua kilo mbili kwa panya au kwa kukauka itajulikana siku ileile.

Fedha za simu zinahitaji uangalifu zaidi. Namba ya mtu binafsi huleta maneno hata kama mtu huyo ni mwaminifu kama nini. Ikiwezekana tumia akaunti ya chama cha wafanyakazi au ya kikundi kilichosajiliwa, yenye watia saini zaidi ya mmoja. Ikibidi kutumia simu ya mtu, toa fedha yote kila siku mbele ya shahidi, andika na makato ya kutolea. Ada hizo ndogondogo ndizo zinazofanya hesabu isifunge, na hesabu isiyofunga huitwa wizi kabla haijachunguzwa.

"Tumechoka na michango"

Ni kweli wamechoka. Harusi ina kadi, msiba una daftari, Mwenge wa Uhuru unapita, kuna kipaimara, kuna maulidi, kuna hisa za kikoba. Walimu wana uchovu wao wa pekee: kwa miaka mingi wao ndio waliotumwa kukusanya michango kwa wazazi, hadi Januari 2018 Rais Magufuli alipoipiga marufuku katika shule za umma. Mwalimu aliyewahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango anajua vizuri jinsi hiari inavyogeuka kuwa lazima.

Basi ondoa kila kitu kinachonuka lazima. Kwanza, mshahara usiguswe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inamzuia mwajiri kukata mshahara wa mfanyakazi isipokuwa pale sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mahakama au tuzo inaporuhusu, au mfanyakazi mwenyewe anapokubali kwa maandishi kulipa deni. Huruma ya mkurugenzi haimo katika orodha hiyo. Akitokea bosi mwenye nia njema anayesema "tukate elfu tano kila mtu, tumalize," mwambie kwa adabu kwamba sheria hairuhusu, na kwamba chakula kilichopatikana hivyo kitawafanya watu waukimbie mchango unaofuata.

Pili, futa ile orodha ya kwenye kundi la WhatsApp. Unaifahamu: majina ya wafanyakazi wote yamepangwa kwa namba, mbele ya kila jina kiasi na alama ya tiki, na mbele ya jina la mhudumu wa usafi pamebaki wazi siku ya kumi. Orodha hiyo inakusanya kwa aibu. Tangaza jumla peke yake: "Leo tumefikisha kilo 140 za unga na lita 9 za mafuta." Jina la mtoaji libaki ndani ya daftari.

Tatu, usichukue ahadi. Ahadi ni deni, na deni la sadaka linamkimbiza mtu njia ya nyuma ya ofisi. Pokea kilichopo mkononi, kilo moja au nusu. Na mkuu wa kazi, kama anataka kutoa gunia zima, atoe siku ya mwisho au atoe kimyakimya. Akitangulia kwa kishindo, mwenye pakiti moja ya chumvi ataiona haifai, ataibakiza nyumbani, nawe utakuwa umepoteza chumvi na mtu pamoja.

Mlinzi, mhudumu na kibarua wasiombwe. Wakija wenyewe, wapokelewe kama wengine. Kuna mchango usiokuwa na bei pia: dereva anayeupeleka mzigo hadi bandari ya Nyamisati baada ya saa za kazi, kijana anayeshona viroba, mtu wa delta anayejua njia za majini. Waandike katika daftari lilelile la waliotoa.

"Wanaambiwa wahame, hawasikii"

Utalisikia hili hasa kwa wafanyakazi waliohamishiwa Kibiti kutoka mikoa ya mbali, na hawalisemi kwa ubaya. Hawajaelezwa. Waeleze. Katika bonde la Rufiji mafuriko ya kawaida ni rutuba: maji yanapanda, yanaacha tope jeusi, na yakishuka watu hupanda mlau, yaani mahindi, kunde na mbogamboga zinazoota kwa unyevu uliobaki ardhini bila mvua. Serikali iliwahi kuwahamisha watu wa bondeni kwenda maeneo ya juu, katika operesheni ya vijiji iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 baada ya mafuriko. Nyumba zilihama. Mashamba hayakuweza kuhama, na ndiyo sababu mpaka leo familia hushuka bondeni msimu wa kilimo na kuishi katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Huko delta, kwenye visiwa vya mikoko, hakuna hata hayo maeneo ya juu ya kukimbilia karibu. Mtu anayekaa kwenye shamba lake hajakaidi chochote.

Suala la bwawa liache nje ya mchango. Mwaka 2024 watu wengi walilitazama Bwawa la Julius Nyerere kama chanzo cha mafuriko, na serikali pamoja na shirika la umeme, TANESCO, walieleza kwamba chanzo ni mvua kubwa. Mwenzako ana haki ya kuwa na maoni yake na kuyapeleka kwa mbunge wake. Wewe mwambie tu kwamba sufuria ya leo haiwezi kungoja ubishi huo uishe, na usijaribu kumgeuza mawazo.

Omba kitu kinachohesabika

"Tuwasaidie wenzetu" haina mwisho, na kitu kisicho na mwisho huchosha kabla hakijaanza. Omba kaya kumi, na uonyeshe hesabu. Mashirika ya misaada hukadiria kwa kawaida gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za maharage au kunde, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Kaya ya watu watano kwa wiki mbili inahitaji basi kilo 28 za unga au mchele, kilo 4 na kidogo za maharage, lita 2 hivi za mafuta na chumvi chini ya nusu kilo. Kwa kaya kumi ni kilo 280 za nafaka. Idara yenye watu 40, kila mmoja akileta kilo saba, imefika. Wakileta kilo mbili mbili, mnalisha kaya mbili na kitu, na hizo mbili zilishwe vizuri kuliko kumi kugawiwa vikombe. Mwenye mashaka akiiona hesabu hiyo ukutani, anajua kilo yake imeingia kwenye sufuria ya nani.

Uliza pia wanakula nini. Delta ni nchi ya mpunga na samaki. Familia iliyopoteza mpunga huenda ina samaki, haina mchele; maharage makavu huchemka saa nyingi, na kuni zimelowa. Mpigie mtendaji wa kijiji au mwalimu wa huko kabla ya kununua. Huenda wakakuambia mchele, mafuta, chumvi, sabuni na dawa ya kutibu maji ya kunywa, kwa kuwa visima vimeingiliwa na maji machafu au ya chumvi. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga usikusanye: yakikorogwa na maji mabaya yanaua, na yanamfanya mama aache kunyonyesha wakati ambapo maziwa yake ndiyo salama pekee. Msaidie mama ale.

Kwa fedha zinazoletwa, nunua kwa jumla Kibiti au Ikwiriri, palepale karibu. Usisafirishe unga kutoka Dar es Salaam ukapita mbele ya maduka ambayo wenyewe wameumizwa na mafuriko. Risiti ya duka ibandikwe pamoja na hesabu.

Kuufikisha mzigo

Hapa ndipo michango mingi mizuri hufia. Piga hodi kwanza ofisi ya mkuu wa wilaya, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya kijiji, na kamati ndiyo inayojua nani ameshapata na nani hajapata. Bila wao, magari matatu yatakwenda Muhoro penye barabara na hakuna mzigo utakaofika Msala, huko delta. Kijijini ingia na mtendaji na mwenyekiti. Kibiti ilipitia mauaji ya viongozi wa vijiji na askari mwaka 2016 na 2017, na mgeni anayeandika majina ya watu bila kutambulishwa anaweza kuwatia hofu anaotaka kuwalisha.

Kisha uliza mwezi. Boti za kuingia delta huondoka na maji ya kujaa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda sana na boti hufika hadi kijijini. Wakati wa maji mafu, vijito vingine havipitiki na mzigo hulala juu ya tope. Nahodha wa Nyamisati atakupa siku na saa kwa simu moja. Panga siku ya mwisho ya kukusanya kwa kufuata maneno yake, na ya barua ya ofisi yaje baadaye. Unga uingizwe kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kiroba, mzigo wote ufunikwe turubai, na asikae mtu juu yake.

Mzigo ukipokelewa, usipige picha za watu wakiwa wameshika mifuko. Hakuna mama anayetaka mwanawe aione picha hiyo baada ya miaka kumi. Chukua karatasi moja yenye uzito wa kila kitu, sahihi ya mtendaji, ya mwenyekiti na za wakazi wawili, mmoja wao mwanamke. Piga picha karatasi hiyo na magunia. Ndani ya siku saba iwe ukutani ofisini, hata kama kuna kilichopungua njiani. Andika kilichopungua.

Na mtu akikataa baada ya yote haya, mwambie "sawa, asante," na usimtaje tena, wala usikubali atajwe mezani. Ana sababu asiyoweza kuisema, au hana. Yote mawili ni yake.

Jambo moja zaidi, ambalo wachangishaji wengi hulikosa. Maji ya Aprili huchukua mpunga uliokaribia kuvunwa. Mkulima aliyepoteza mavuno ya katikati ya 2024 hakuwa na mpunga mwingine wa kuvuna hadi mwaka uliofuata. Misaada ilikuja Aprili na Mei kamera zikiwepo, ilhali njaa hubana kuanzia mwishoni mwa mwaka, watu wakianza kulima matumbo yakiwa matupu. Gawa mchango wako sehemu mbili. Ya kwanza itoke mara moja, kwa chochote kilichopo. Maji yakishuka, peleka mbegu za mlau ndani ya wiki chache. Sehemu ya pili ya chakula iweke kwa ajili ya Desemba na Januari, wakati kila mtu ameshasahau, na uwaambie wenzako tangu siku ya kwanza kwamba ndivyo itakavyokuwa.

Mwezi huu mshahara ukiingia, kabla hujamwomba mtu kilo moja ya unga, bandika ukutani hesabu ya mchango uliopita.